Sura ya Sita: Goti Linalosikiliza Tumbo

Mwishoni mwa mwaka 1952 homa isiyozoeleka iliingia vijijini katika wilaya za Newala na Masasi, Jimbo la Kusini la Tanganyika. Ilianza ghafla. Joto lilipanda, na karibu papo hapo vifundo vya miguu, magoti, viwiko na viungo vya vidole vikashikwa na maumivu makali hata mgonjwa akashindwa kujigeuza kitandani. Wengine walitokwa na upele. Homa yenyewe ilishuka baada ya siku chache, lakini maumivu ya viungo yaliondoka na kurudi, na kwa baadhi ya watu yaliendelea kwa miezi. Wenyeji waliiita chikungunya kwa jinsi ilivyomkunja mtu, na jina hilo la Kimakonde limo leo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima.

Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa wale, na W. H. R. Lumsden akaeleza namna ugonjwa ulivyoenea. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alieleza jinsi kirusi chenyewe kilivyopatikana kwa kudunga panya wa maabara seramu ya watu wenye homa. Makala yake ilibeba kichwa cha mlipuko wa Newala. Kirusi kilichotoka kwenye damu ya mgonjwa mmoja wa mlipuko ule kinaendelea kutumiwa na watafiti hadi sasa kwa jina la S27.

Maji ndiyo yaliyouponza uwanda wa Makonde. Juu kule hakuna mito. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza. Akina mama walishuka mabondeni kutafuta maji na kuyapandisha kichwani, na maji yaliyopatikana kwa taabu ya namna hiyo hayamwagwi ovyo. Yaliwekwa kwenye mitungi ndani ya nyumba, siku nyingi, na humo ndimo mbu aina ya Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, alimopata mahali pazuri pa kutagia.

Tangu hapo kirusi hicho kimesafiri sana. Mwaka 2004 kilizuka Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wakazi watatu kati ya kila wanne waliambukizwa. Kikavuka kwenda Komoro, kisha Réunion, ambako mwaka 2005 na 2006 karibu theluthi ya watu wa kisiwa kizima waliugua. Kikaingia India, na mwaka 2013 kikatua visiwa vya Karibi. Kila kilikopita kiliacha swali moja: kwa nini ndugu wawili wa nyumba moja, waliong'atwa na mbu wale wale wiki ile ile, mmoja apone kwa siku kumi na mwingine akokote mguu miaka miwili?

Majibu ya kwanza yanajulikana. Umri una uzito. Wingi wa virusi katika damu siku za mwanzo una uzito. Aliyekuwa na viungo vibovu kabla ya homa huchelewa kupona. Lakini bado kuna pengo kubwa ambalo mambo haya hayalijazi, na katika miaka ya karibuni watafiti wameanza kulitafutia maelezo mahali ambapo wengi wetu tusingetazama: ndani ya utumbo mpana.

Mwaka 2020 kikundi cha Emma Winkler na Michael Diamond, wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, kilichapisha jaribio ambalo kwa maoni yangu kila mtu wa Newala na Masasi anastahili kulijua. Walichukua panya, wakawapa baadhi yao antibayotiki za kunywa ili kuua bakteria wa tumboni, kisha wakawaambukiza chikungunya. Panya waliopoteza bakteria wao walishindwa kukizuia kirusi. Kilizaana na kuenea mwilini zaidi kuliko kwa wenzao ambao matumbo yao hayakuguswa. Panya wengine, waliozaliwa na kulelewa katika vyumba visivyo na bakteria hata mmoja, walishindwa vivyo hivyo.

Watafiti hawakuishia hapo. Waliwarudishia panya hao bakteria wa aina moja tu, Clostridium scindens, na kinga ikarudi. Bakteria huyu ana kazi moja ambayo ini letu haliwezi kuifanya. Ini hutengeneza nyongo, nyongo ikaingia kwenye utumbo kusaidia kusaga mafuta, na sehemu yake ikifika utumbo mpana Clostridium scindens huigeuza kuwa asidi nyingine ya nyongo. Asidi hiyo ndiyo inayoziweka tayari baadhi ya seli za kinga zitoe interferoni, kemikali ambayo mwili huitumia kuziamsha seli zote zijikinge na virusi. Watafiti walipowapa panya asidi hiyo peke yake, bila bakteria, nayo ilitosha. Tena waligundua jambo la pili: mbu waliowauma panya wasio na bakteria waliondoka na kirusi kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo tumbo la mgonjwa mmoja, katika jaribio lile, liligusa hata usalama wa jirani yake.

Hawa walikuwa panya. Hakuna aliyefanya jaribio kama hilo kwa binadamu, wala asingeruhusiwa. Hata hivyo tabia moja ya kwetu inanitia wasiwasi ninaposoma matokeo hayo. Mtu anaamka na homa na viungo vinamuuma. Anakwenda duka la dawa, anasema, "Kaka, nipe dawa ya homa," na anarudi na vidonge vya malaria pamoja na amoksilini au siprofloksasini, bila kipimo chochote. Antibayotiki haiui kirusi. Inachoua ni bakteria, wale wabaya kama wapo, na pamoja nao maelfu ya mamilioni ya wale ambao pengine wakati huo huo wanausaidia mwili kupambana. Hata bila jaribio la St. Louis tulikuwa na sababu za kutosha za kuacha mazoea haya, kwa sababu ya usugu wa dawa. Sasa imeongezeka nyingine ya kufikiria.

Tuache kirusi kidogo, twende kwenye magonjwa ya viungo ambayo hayaletwi na mbu. Watu wetu huyaweka mengi katika kapu moja la baridi yabisi, na waganga wa kila aina huyatibu kwa pamoja. Tukichambua tunapata magonjwa yasiyofanana. Kuna kuchakaa kwa gegedu kwa uzee na kazi nzito. Kuna jongo, linalotokana na chumvi za asidi ya yuriki. Na kuna lile kundi ambalo sura hii inalihusu, ambamo kinga ya mwili yenyewe hugeuka na kushambulia ngozi laini inayofunika kiungo kwa ndani. Dalili zake mtu akishaziona hazisahau: viungo vya vidole vya mikono yote miwili huvimba pamoja, asubuhi mkono haukunjiki hata kushika kikombe, na ukakamavu huo unachukua saa nzima au zaidi kulegea. Ugonjwa huu, nitakaouita baridi yabisi ya kinga, huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na usipotibiwa mapema hula mfupa.

Kwamba tumbo linaweza kuchochea kiungo, madaktari wamelijua kwa muda mrefu kupitia ugonjwa wa kuhara. Mtu akipata kuhara damu kwa bakteria wa Shigella, au akila chakula chenye Salmonella, tumbo linaweza kupona kabisa, kisha baada ya wiki mbili au tatu goti likafura. Ukitoa maji ya goti hilo ukayaotesha maabara, hupati bakteria aliye hai. Vita vilipiganwa tumboni, na goti ndilo lililopata majeraha. Ulaya wengi wa wanaopatwa na hali hiyo wana kigezo cha kurithi kiitwacho HLA-B27. Kwetu Waafrika kigezo hicho ni nadra, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kundi hili la magonjwa halituhusu sana. UKIMWI ulipoenea Zambia, madaktari wa Lusaka waliona wagonjwa wengi wa aina hii, nao hawakuwa na HLA-B27. Kinga ilipovurugwa, mlango mwingine ulifunguka.

Mwaka 1994 Joel Taurog na wenzake huko Texas walitoa ushahidi uliokuja kuwa msingi wa fani nzima. Walikuwa na panya buku wa maabara waliopandikizwa kigezo cha HLA-B27, ambao kwa kawaida huugua utumbo na viungo. Walipowalea katika mazingira yasiyo na bakteria, ugonjwa haukutokea. Urithi ulikuwa ule ule, damu ile ile. Kilichokosekana ni bakteria wa tumboni tu.

Namna ujumbe unavyotoka tumboni hadi gotini inaeleweka zaidi ukikumbuka kwamba sehemu kubwa ya seli za kinga za mwili hukaa kwenye ukuta wa utumbo. Ni kama mgambo waliofundishwa katika kijiji kimoja kisha wakapelekwa kulinda kingine: wanachukulia kila sura kwa jinsi walivyozoeshwa kule walikotoka. Wakizoea amani hutulia. Wakizoea fujo huanza kupiga hata wenyeji. Bakteria ndio wanaowafundisha. Wengine hutafuna nyuzinyuzi za mboga na mikunde, ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, chakula cha seli za ukuta wa utumbo na kitulizo cha seli za kinga. Nyuzinyuzi zikikosekana kwa muda mrefu, baadhi ya bakteria hugeukia ute unaoukinga ukuta huo na kuanza kuula. Ukuta ukidhoofika, vipande vya bakteria hupenya na kuingia kwenye damu.

Hapa wengi hukimbilia hitimisho. Husema wapo bakteria wema na wapo wabaya, na kazi yetu ni kuongeza hawa na kupunguza wale. Wauzaji wa unga wa lishe na vidonge vya bakteria wanaipenda sana habari hiyo. Mimi siiamini, na sababu yangu kubwa ni bakteria mmoja aitwaye Prevotella copri.

Mwaka 2013 Jose Scher na wenzake wa New York walipima kinyesi cha watu waliokuwa ndio kwanza wamegundulika kuwa na baridi yabisi ya kinga na hawajaanza dawa. Prevotella copri alionekana kwa asilimia 75 yao. Kwa watu wazima wenye afya alionekana kwa asilimia 21 tu. Habari ikaenea kwamba adui amepatikana. Lakini miaka mitatu nyuma, mwaka 2010, watafiti wa Italia walikuwa wamelinganisha watoto wa kijiji cha Boulpon, Burkina Faso, waliolishwa mtama, uwele na mikunde, na watoto wa Florence. Watoto wa Burkina Faso walikuwa wamejaa jamii ya Prevotella, na walikuwa na asidi fupi za mafuta kwa wingi kuliko wenzao. Mwaka 2014 Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walipimwa, na kwao pia jamii hiyo ilikuwepo kwa wingi. Je, tuseme watoto wa Boulpon na Wahadzabe wanabeba ugonjwa tumboni?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 2019, pale uchambuzi wa jeni ulipoonyesha kwamba kinachoitwa Prevotella copri ni koo nne tofauti. Watu wanaokula chakula cha asili mara nyingi hubeba koo zote nne kwa pamoja. Watu wa nchi tajiri wakiwa naye, mara nyingi hubeba ukoo mmoja peke yake. Huenda bakteria anayeishi na ndugu zake, akilishwa nyuzinyuzi kila siku, anaishi kwa amani, na yule aliyebaki peke yake kwenye tumbo la mkate mweupe na nyama anatafuta chakula pengine. Sisemi limethibitishwa. Nasema kipimo kilichofanywa New York hakiwezi kuchukuliwa kilivyo na kutumika kumtisha mtu wa Mnyambe au Nanyindwa.

Je, kubadili chakula kunamsaidia aliyekwisha kuugua? Ushahidi upo, mdogo lakini wa kuheshimika. Mwaka 1991 madaktari wa Norway wakiongozwa na Jens Kjeldsen-Kragh waliwapitisha wagonjwa wa baridi yabisi katika mfungo wa siku saba hadi kumi, kisha wakawalisha mboga, nafaka na mikunde bila nyama kwa mwaka. Viungo vyao vilipungua uvimbe na maumivu, na nafuu ilidumu mwaka mzima. Mfungo peke yake, mtu akirudi mara moja kwenye chakula chake cha zamani, huleta nafuu ya muda mfupi tu. Baadaye kikundi hicho kilionyesha kwamba bakteria wa tumboni walibadilika zaidi kwa wale waliopata nafuu. Mwaka 2023 watafiti wa Amsterdam walichapisha jaribio la wiki 16 la chakula cha mimea, mazoezi na kupunguza msongo wa mawazo; waliofuata mpango huo walipungukiwa na ukali wa ugonjwa kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida. Kilicholeta nafuu kati ya vitu hivyo vitatu hakiwezi kutenganishwa, na wagonjwa walijua wamo kundi gani.

Kwa Mtanzania, utafiti wenye uzito kuliko hizo zote ulifanyika Kilimanjaro. Godfrey Temba na wenzake, kwa ushirikiano wa hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walianza kwa kulinganisha damu ya watu wenye afya wa mjini na wa vijijini, na mwaka 2021 wakaripoti kwamba wa mjini walikuwa na dalili nyingi zaidi za uchochezi wa kinga, na kwamba chakula kilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Kisha wakafanya jambo ambalo wengi huishia kulisema tu. Waliwachukua wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili vya kijijini wakapewa vya kizungu, vile vya chipsi na mkate mweupe, kwa wiki mbili. Wa mjini waliozoea hivyo wakapewa vya asili: mboga, maharage, ndizi, nafaka zisizokobolewa. Kundi la tatu lilikunywa mbege kila siku kwa wiki moja.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Wiki mbili zilitosha. Waliohamia chakula cha kizungu walipandisha viashiria vya uchochezi kwenye damu, na seli zao za kinga zikawa dhaifu zilipokutana na vimelea. Waliohamia chakula cha asili, na wale wa mbege, walishusha viashiria hivyo, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baada ya jaribio kwisha. Walikuwa wanaume watupu, wazima, hakuna aliyekuwa na kiungo kibovu. Bado naona huu ndio ushahidi wa karibu zaidi na sahani yetu.

Nami napenda kuiangalia hiyo sahani ya kusini kwa karibu. Ugali wa muhogo, uliotokana na makopa yaliyoanikwa juani. Kisamvu kilichotwangwa na kuungwa kwa karanga. Mbaazi, ambazo Mtwara na Lindi huzilima kwa wingi mno, hata India ilipobana uagizaji mwaka 2017 na bei ikaporomoka, wakulima wengi walibaki na magunia wasijue pa kuyapeleka. Kunde, choroko, njugu mawe, ufuta. Na ming'oko, viazi pori vyembamba vinavyochimbwa msituni na kuchemshwa na chumvi, vikauzwa kwa mafungu stendi ya Newala na Masasi. Ukila mng'oko asubuhi, ukiwa umechemshwa tangu jana, meno yanakutana na wanga mgumu kidogo, wenye nyuzi. Wanga wa namna hiyo ukishapoa sehemu yake hugoma kusagwa kwenye utumbo mwembamba, ikateremka nzima hadi kwa bakteria. Kiporo cha muhogo kina sifa hiyo hiyo. Chakula ambacho vijana wa siku hizi hukionea aibu mbele ya wageni ndicho ambacho maabara za Ulaya zinahangaika kukitengeneza na kukifunga kwenye vibunda.

Siupambi umaskini. Sahani ya muhogo mtupu bila mboga wala mikunde ni njaa, haijalishi bakteria wanasemaje. Ninachokiona kwa macho ni kwamba msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, na fedha za mnada zikaingia, kitu cha kwanza kubadilika katika nyumba nyingi ni chakula, na kinabadilika kuelekea soda, chapati za unga mweupe na mafuta ya kukaangia. Watu wamefanya kazi ngumu mwaka mzima na wanastahili raha. Laiti raha hiyo ingewapa pia samaki zaidi, mayai na matunda, badala ya kuondoa mbaazi mezani.

Sasa narudi kwenye chikungunya, kwa sababu kuna jaribio moja linalonizuia kuimaliza sura hii kwa furaha. Mwaka 2019 Natalie Prow, Andreas Suhrbier na wenzao wa Australia waliwalisha panya chakula chenye nyuzinyuzi nyingi kisha wakawaambukiza chikungunya. Walitegemea nafuu, kama ilivyokuwa imeonekana kwa panya wenye baridi yabisi. Miguu ya panya ikavimba zaidi. Walipowapa butireti, ile ile inayotuliza ukuta wa utumbo, uvimbe ukaongezeka vilevile.

Nimelitafakari sana jaribio hilo. Linanifundisha kwamba kiungo kinachoshambuliwa na kirusi wiki ya kwanza na kiungo kinacholiwa na kinga iliyopotoka kwa miaka ni wagonjwa wawili, hata kama wote wawili wanachechemea. Kinachotuliza huyu kinaweza kumchochea yule. Mtu aliyeshikwa na chikungunya hahitaji kuogopa mbaazi zake, kwa kuwa panya si mtu na kipimo cha maabara si chungu cha nyumbani. Anahitaji kupumzika, kunywa maji ya kutosha na kutumia parasetamoli, na kujiepusha na aspirini na dawa za jamii ya diklofenaki mpaka ithibitike kwamba hana dengi, ambayo huja kwa mbu yule yule na inaweza kutoa damu. Lakini anayemwambia kwamba chakula fulani kinaponya chikungunya anamdanganya, na ningetaka wahudumu wa afya waliseme hilo kwa sauti.

Kwa mwenye baridi yabisi ya kinga ushauri ni mwingine. Viungo vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya wiki sita, aende hospitali, iwe Ndanda, Mkomaindo au Ligula, aombe kupimwa damu, na akipewa rufaa aifuate. Methotreksati ikianzwa mapema huokoa mifupa; hakuna mboga iliyoonyesha uwezo huo. Chakula kiende pamoja na dawa, kisiishike nafasi yake. Mtu akitumia sulfasalazini, dawa ya zamani ya ugonjwa huu, ajue kwamba bakteria wake wamo kazini kwa njia nyingine tena. Daktari Nanna Svartz wa Stockholm aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1930 akiamini kwamba ugonjwa unasababishwa na vimelea. Kidonge kinafika utumbo mpana kikiwa kimefungwa, na bakteria ndio wanaokikata vipande viwili ili kifanye kazi. Tumbo lililosafishwa bakteria kwa antibayotiki haliwezi kukikata ipasavyo.

Kilichobaki ni utafiti ambao ungepaswa kufanyika kwenye uwanda wenyewe. Uanze na watu wenye homa ya viungo katika zahanati za Newala, Tandahimba na Masasi, wapimwe kirusi siku hiyo hiyo ili malaria, dengi na chikungunya visichanganywe. Kinyesi chao kihifadhiwe kabla ya dozi yoyote ya antibayotiki, na waulizwe wamekula nini juma lile, kwa majina ya vyakula vya kwao. Wafuatwe miezi mitatu, sita na kumi na miwili, na kila mara ihesabiwe ni viungo vingapi bado vinauma. Wahadzabe walipopimwa kwa misimu tofauti ilionekana mwaka 2017 kwamba baadhi ya bakteria wao hupotea msimu mmoja na kurudi msimu mwingine, kwa hiyo vipimo vichukuliwe masika na kiangazi, wakati wa ming'oko na wakati wa korosho. Wanawake wawemo kwa wingi, maana jaribio la Kilimanjaro liliwaacha nje na wao ndio wanaougua zaidi baridi yabisi. Wataalamu wa KCMC wamekwisha kuonyesha kwamba watu wetu wanakubali kubadilishiwa chakula kwa wiki mbili na kutoa damu, wakielezwa kwa lugha yao na kurudishiwa majibu yao.